Kilimia Barabarani: Historia ya Hachibaki ya Kasi na Somo kwa Anayenunua Iliyotumika

Wakulima na mabaharia wa pwani yetu walikuwa na kundi dogo la nyota walilolitegemea kama kalenda. Waliliita Kilimia, kwa kuwa lilikuwa dalili ya kulima. Wahenga wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Upande wa pili wa dunia Wajapani nao walizitazama nyota hizo hizo, wakaziita Subaru. Mwaka 1953 ikaundwa kampuni ya Fuji Heavy Industries kwa muungano wa kampuni tano, na magari yake yalipoanza kutoka yakapewa jina hilo pamoja na nembo ya nyota sita: moja kubwa na tano ndogo. Basi kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayesimama kupigwa picha kando ya Impreza yake ya buluu, amesimama chini ya Kilimia bila kujua.

Gari ninalolizungumzia lina sifa tatu. Ni fupi, na mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Umbo hilo nitaliita hachibaki. Injini yake ina nguvu kuliko zinazohitajika kwenda sokoni, mara nyingi kwa msaada wa turbo. Na nguvu hizo hupelekwa kwenye magurudumu yote manne, mfumo ambao mafundi wetu huuita foo-wili. Kwa sasa magari haya yamejaa mitaani kwetu, mengi yakiwa yamepita mikono miwili au mitatu, na kila wiki yupo anayetoa akiba yake yote ili apate moja. Wengine hufurahia miaka kumi. Wengine hulia kabla mwezi haujaandama.

Tofauti ya hao wawili imeandikwa katika historia ya gari lenyewe. Hachibaki ya namna hii ni mtoto wa barabara mbaya na kanuni za mashindano, na tangu ilipozaliwa ina sharti moja kubwa: magurudumu manne yawe sawa. Anayeinunua ikiwa imetumika ananunua pia matunzo ya waliomtangulia, yawe mema au mabaya.

Tatizo la kona

Wazo la kuvuta kwa magurudumu manne ni la kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1903 kampuni ya Spyker ya Uholanzi ilitengeneza gari la mashindano lenye silinda sita, lililovuta na kufunga breki kwa magurudumu yote manne. Lakini wazo halikuenea, kwa sababu ya jambo dogo ambalo hata mtoto anaweza kulishuhudia akiendesha mkokoteni: gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani.

Kwa gari linalovuta kwa magurudumu mawili, kazi ya kuruhusu tofauti hiyo hufanywa na difu moja. Gari la kuvuta kwa manne lina kazi kubwa zaidi. Magurudumu ya mbele yanatofautiana yenyewe kwa yenyewe, ya nyuma vilevile, na juu ya hapo mbele na nyuma havitembei njia moja. Ndiyo maana huhitaji difu tatu: mbele, nyuma na katikati. Ukikosa ile ya katikati, kwenye lami kavu gari hujikaza, tairi hulia, na vyuma vya gia boksi husagana hadi kimoja kikubali kushindwa. Land Rover za zamani zilikwepa tatizo hili kwa kumwachia dereva wenzo: vuta unapoingia matopeni, rudisha unapotoka.

Mtu aliyeshikilia kwamba hata gari la barabarani linastahili mfumo huu wakati wote ni Harry Ferguson wa Ireland, yule yule ambaye jina lake lilikuja kuwa jina la trekta mashambani kwetu. Mwaka 1966, baada ya yeye kufariki, mfumo wa kampuni yake ulifungwa kwenye gari la Kiingereza la Jensen FF. Lilikuwa gari la ajabu kwa wakati wake, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri, na yalitengenezwa 320 tu.

Theluji ya Japani, matope ya Kenya

Njia ya kufika kwa mtu wa kawaida ilianzia mahali pasipo na anasa yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilikuwa na wafanyakazi waliopanda milima yenye theluji kukagua nyaya. Jipu walizotumia zilikuwa za baridi na za kuchosha. Wakaomba gari la kawaida, lenye joto ndani, ila lipande. Wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi wakachukua gari dogo la familia, wakaliongezea shafti na difu ya nyuma. Mwaka 1972 kiwanda kikatoa Leone ya magurudumu manne kwa umma. Haikuwa na kasi, lakini ilifika.

Huku kwetu nako kulikuwa na shule ya barabara mbaya. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakakua na kuwa Safari Rally, mtihani ambao viwanda vya dunia viliuogopa na kuutamani. Vumbi la Machi, matope ya masika, mawe, mito iliyofurika: gari lililomaliza Safari lilikuwa na cheti ambacho tangazo haliwezi kutoa.

Pasaka ya mwaka 1980, Subaru ilileta Kenya Leone fupi yenye mlango wa nyuma, inayovuta kwa magurudumu manne. Dereva wake Yoshio Takaoka akamaliza, tena akashinda kundi la magari ya aina yake. Haikuvuma, kwa kuwa mshindi wa jumla alikuwa Shekhar Mehta wa Kenya na Datsun yake. Mehta alishinda Safari mara tano, 1973 na kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini tukiitazama leo, ile Leone ilikuwa mbegu. Hachibaki ya foo-wili ilipita kwenye matope ya Kenya kabla Audi haijapeleka gari lake la foo-wili kwenye mashindano ya dunia.

Audi, maafa, na kanuni iliyotuletea magari

Machi 1980, kwenye maonyesho ya Geneva, Audi ilizindua Quattro. Wahandisi wake walikuwa wameona gari la kijeshi la Volkswagen Iltis likiyaacha nyuma magari yenye nguvu zaidi kwenye theluji ya Finland, wakajiuliza kwa nini gari la kasi lisiwe hivyo. Siri yao ilikuwa shafti yenye uwazi ndani ya gia boksi, iliyowawezesha kuweka difu ya katikati bila kuongeza uzito mkubwa. Mwaka 1981 Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda mashindano ya San Remo na Quattro, akawa mwanamke wa kwanza kushinda raundi ya ubingwa wa dunia. Waliodhani mfumo huu ni wa matrekta wakanyamaza.

Kisha ukaja wakati wa Kundi B. Kanuni ziliruhusu kiwanda kutengeneza magari 200 tu na kuingia nayo mashindanoni, kwa hiyo yakatoka majitu ambayo hayakuwa na undugu na gari la dukani. Peugeot 205 T16 na Lancia Delta S4 zilifanana na hachibaki za mtaani kwa sura tu, kwani injini zake zilikaa katikati ya gari. Mwaka 1986 mambo yakaharibika. Ureno, gari liliingia kwenye umati na kuua watazamaji. Tarehe 2 Mei, kisiwani Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Delta S4. Kundi B likafutwa.

Kuanzia 1987 heshima ilihamia Kundi A, na hapo ndipo historia ilipogeuka kwa faida ya mnunuzi. Kanuni ilitaka kiwanda kitengeneze magari 5,000 yanayofanana na lile la mashindano. Magari 5,000 hayawezi kukaa ghalani; lazima yauzwe kwa walimu, madaktari na wafanyabiashara. Kila kiwanda kilichotaka kushinda kililazimika kuuza gari la mashindano lenye viti vya nyuma na mahali pa kuweka mizigo. Na kwa kuwa gari fupi na jepesi ndilo linalogeuka haraka kwenye njia nyembamba, hachibaki ikawa umbo lililopendwa.

Mazda ilikuwa na 323 ya turbo na foo-wili. Lancia ikatoa Delta HF na baadaye Integrale, ikatwaa ubingwa wa viwanda mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Nissan ikaleta Pulsar GTI-R mwaka 1990, gari dogo lenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 230. Ford ikafuata na Escort RS Cosworth. Toyota ilikuja na Celica GT-Four, yenye umbo la coupé ila mlango wa nyuma wa kufunguka juu.

Safari ilikuwa mizani yao. Hannu Mikkola alishinda mwaka 1987 na Audi 200 Quattro, ushindi wa kwanza wa jumla wa foo-wili katika mashindano hayo. Miki Biasion akashinda 1988 na 1989 na Delta Integrale, na Juha Kankkunen akairudishia Lancia taji mwaka 1991. Celica ya foo-wili ilishinda 1990 na Björn Waldegård, 1992 na Carlos Sainz, 1993 na Kankkunen, na 1994 na Ian Duncan wa Kenya. Watoto waliosimama kando ya barabara miaka ile, wakifunikwa na vumbi na kupiga makofi, ndio baba wa leo wanaouliza bei.

Impreza yafika, na soko la mitumba lafunguka

Oktoba 1992 Subaru ilitoa Impreza, ya buti na ya milango mitano. Ile ya milango mitano Subaru yenyewe iliihesabu kama gari la mizigo la michezo, lakini kwa umbo na matumizi ni hachibaki. Toleo lake kali, WRX, mwanzoni lilikuwa na nguvu za farasi 240 kutoka injini ya EJ20, yenye silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Kwa kulala hivyo, uzito unakaa chini na gari linashika barabara. Sauti yake ya kukoroma watu wanaitambua hata kabla gari halijakunja kona.

Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1995 akiwa na Impreza, na Subaru ikatwaa taji la viwanda 1995, 1996 na 1997. McRae akashinda Safari mwaka 1997. Richard Burns akashinda mwaka 2000, na Kankkunen wa pili, wote wakiwa na Impreza. Patrick Njiru wa Kenya naye alikuwa ameshawazoesha mashabiki kuiona Subaru mbele. Kampeni gani ya matangazo ingeweza kufanya zaidi?

Kuna sababu nyingine ya Subaru kupendwa huku, ya hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyembamba, na injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu zake. Turbo husukuma hewa ndani, hivyo hufidia. Dereva wa WRX aliyepanda kutoka Mombasa alifika Limuru gari bado likiwa na hamu.

Kilichobaki ni bei, na hapo Japani ikasaidia bila kukusudia. Gari jipya huko hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo huwafanya wengi wauze mapema. Magari huenda mnadani, kutoka mnadani hupanda meli, na meli hutia nanga Mombasa na Dar es Salaam. Serikali zetu nazo zimeweka mipaka kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyofika miaka 15. Tanzania huyatoza makuukuu kodi ya uchakavu. Matokeo yake ni kwamba Impreza za enzi za dhahabu ambazo zimo Kenya hazitaongezeka. Ukitaka moja, utainunua kwa jirani yako, na kila kosa la jirani litakuwa lako.

Ulaya ilikwenda njia yake. Mwaka 1998 kifaa cha Kiswidi kiitwacho Haldex, aina ya klachi inayounganisha nyuma pale mbele panapoteleza, kiliwezesha magari yenye injini iliyokaa kwa kukingama kupata foo-wili kwa nafasi ndogo. Kikatuletea Audi S3, kisha Volkswagen Golf R32 ya mwaka 2002 na Golf R zilizofuata. Mwaka 2013 Mercedes ilitoa A45 AMG yenye nguvu za farasi 360 kutoka lita 2, na Ford Focus RS ya 2016 ikafika 350. Subaru yenyewe iligeuza STI, ndugu mkali zaidi wa WRX, kuwa hachibaki kamili mwishoni mwa 2007, ikaipeleka mashindanoni 2008, kisha Desemba mwaka huo ikajitoa. Mwaka 2020 Toyota ikafufua mila ya zamani kwa GR Yaris, gari lililojengwa kwa ajili ya mashindano, lenye silinda tatu na turbo. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, Sébastien Ogier alishinda na Yaris. Mwaka 2022 Yaris zikashika nafasi nne za kwanza. Gari la mashindano la leo lina mambo mengi ambayo la dukani halina, lakini jina limetimiza kazi yake, na GR Yaris zilizotumika zimeanza kuonekana sokoni.

Futikamba ya fundi

Nilimsindikiza mpwa wangu kukagua WRX ya milango mitano, ya gia za mkono, katika gereji moja ya Ilala. Rangi iling'aa, viti havikuwa na doa, muuzaji alikuwa na maneno matamu. Fundi tuliyemchukua, mzee wa makamo mwenye mikono iliyokomaa kwa oili, hakufungua hata boneti. Alitoa futikamba ya fundi cherehani mfukoni, akachuchumaa, akaizungusha kwenye tairi moja moja na kuandika kwa chaki sakafuni: 193.7, 193.6, 193.8. Ya nne, nyuma kulia, ikasoma sentimita 196.3.

"Hii mpya, hizi tatu zimelika," akasema. "Kijana, gari hili lina miguu minne. Ukiuonea mmoja, yote inalia."

"Lakini fundi, si sentimita mbili na nusu tu?" mpwa wangu akauliza.

Twende na hesabu. Tairi lenye mzunguko wa sentimita 193.7 huzunguka takriban mara 516 kwa kilomita moja. Lile la 196.3 huzunguka mara 509. Ni tofauti ya mizunguko 7 kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kama kilomita 450, ni zaidi ya mizunguko 3,000 ambayo difu zinapaswa kuimeza, wakati gari linakwenda njia iliyonyooka na difu zilipaswa kupumzika. Subaru hushauri tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi. Na kwa kuwa kila milimita moja ya kina cha tairi inayolika hupunguza mzunguko kwa milimita 6, tofauti ya milimita moja tu ya kulika tayari imefika mpakani.

Tulipolipeleka uwanjani na kuzungusha usukani hadi mwisho, gari likajikaza, likarukaruka kama mbuzi anayevutwa kamba, tairi zikalia. Kiungo cha difu ya katikati kilikuwa kimeungua. Mpwa wangu aliliacha. Wiki tatu baadaye alinunua jingine, rangi imepauka, lakini tairi zake nne zilikuwa za aina moja na kulika kwake kulilingana, na mwenyewe alikuwa na bahasha ya risiti. Bado analo.

Namna ya kuchagua

Anza na karatasi. Gari linaloagizwa kutoka Japani huwa na karatasi ya mnada. Idai, na uhakikishe namba ya chasisi inalingana. Alama 4 na 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, herufi R maana yake liliwahi kuumia na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na zile za dashibodi. Gari lililokwisha kutumika nchini lidaie risiti, na historia ya umiliki iangaliwe kwenye mamlaka husika kabla ya fedha kutoka.

Pili, likute limepoa. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ya EJ ikiwashwa baridi isikilize kwa chini: mlio mzito wa kugonga unaofuatana na mzunguko ni dalili ya beringi za konrodi, na hapo rudi nyumbani. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa chini ya alama ya mwisho, mwenye gari amekwishakueleza tabia yake. Fungua tangi la rejeta lingali baridi, utazame kama kuna oili au mapovu. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwa kuwa kwenye injini hizi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugonga pistoni.

Tatu, pima tairi, kisha zungusha usukani hadi mwisho kila upande uwanjani, polepole. Impreza nyingi za otomatiki za gia nne zina kishikio cha fyuzi chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Fyuzi ikichomekwa hapo, mvuto wa nyuma hukatwa. Gari likijikaza bila fyuzi na kulainika ukiichomeka, tatizo liko kwenye klachi ya nyuma ya gia boksi.

Nne, ogopa gari lililochezewa. Bomba nene, turbo kubwa na programu ya injini iliyobadilishwa bila hesabu za aliyefanya kazi ni deni. Chagua lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, hata kama halitishi. Kwa Focus RS, hakikisha gasketi ya silinda hedi ilishabadilishwa, kwa sababu kiwanda chenyewe kilikiri kasoro hiyo mwaka 2018 na kuitengeneza. Kwa Golf R na S3, uliza oili ya Haldex na usafishaji wa kichujio cha pampu yake. Kikiziba, gari linabaki la kuvuta mbele tu na mwenyewe hajui.

Namna ya kuishi nalo

Oili ya injini ya turbo ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kijiti kichomolewe kila Jumamosi. Hakuna matunzo ya bei ndogo kuliko hayo, na hakuna yanayookoa zaidi. Asubuhi endesha kwa upole hadi injini ipate moto. Baada ya mwendo mkali au mlima mrefu, endesha taratibu dakika chache za mwisho ili turbo ipoe. Oili ya difu na ya gia boksi isisahaulike kwa kuwa haionekani.

Petroli ina siri yake. WRX na STI za soko la Japani ziliundwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani kama 98 hadi 100. Vituo vyetu vingi huuza ya chini ya hapo. Kompyuta ya injini hujitahidi kujilinda, lakini ukikanyaga mafuta kwa nguvu kwenye joto la pwani unaiweka hatarini. Nunua iliyo bora unayoweza kuipata, na uwe na kiasi.

Tairi zinunuliwe nne kwa pamoja, za kampuni moja na ukubwa mmoja, na zihamishwe mbele na nyuma kila kilomita 10,000 au mapema zaidi ili zilike sawa. Kama huna bei ya tairi nne siku unayonunua gari, bado hujafika wakati wa kulinunua. Likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu mawili yakiwa chini. Libebwe juu ya lori. Magari mengi mazima yameuawa na kamba ya kuvutia.

Msaada wa magurudumu manne ni wa kuondoka na kukata kona, si wa kusimama. Breki za gari hili hazina nguvu za ziada eti kwa sababu linavuta kwa manne, na waliosahau hilo kwenye lami yenye mvua tumewazika. Aliyelirithi gari la McRae hakurithi barabara iliyofungwa kwa ajili ya mashindano. Mbele yake kuna watoto wa shule na bodaboda.

Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Gari lililotunzwa vibaya huuzwa kiangazi, limeoshwa na kung'arishwa, na makosa yake huzuka masika, mkononi mwa mwingine. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kukagua, mpeleke fundi wako mwenyewe, na mfukoni ubebe futikamba. Zungusha kwenye tairi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Zikiwa sawa, endelea kuuliza maswali. Zisipokuwa sawa, mshukuru muuzaji, urudi nyumbani na fedha zako.